Aliyebaki nyumbani siku ya kura: ameficha ushahidi au amekataa uongo?

UCHAGUZI wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 ulipokwisha, Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI alitangaza kwamba Chama Cha Mapinduzi kimechukua asilimia 99 ya vijiji na karibu asilimia 99 ya mitaa. Miaka mitano kabla ya hapo, Novemba 2019, hesabu ilikuwa kubwa zaidi: kwa upande wa mitaa ya mijini ilitangazwa kuwa chama hicho kimechukua yote, haukubaki hata mmoja. Ukirudi nyuma miaka mitano mingine, Desemba 2014, chama hicho hicho kilipata kiasi cha asilimia 80, na wapinzani waliochukua mitaa ya Dar es Salaam na miji mingine walisherehekea kana kwamba wameshika dola.

Mtu asiyeijua nchi yetu akizisoma tarakimu hizo tatu atadhani kwamba baina ya 2014 na 2019 watu wa mijini waliamka asubuhi moja wote kwa pamoja wakabadili mapenzi yao. Sisi tunaoishi humu tunajua kwamba halikutokea jambo kama hilo. Waliobadili chama wapo, na si haba. Lakini wapo wengine, na pengine ndio wengi zaidi, ambao hawakubadili chochote isipokuwa mahali walipoutumia mchana wa siku ile. Walibaki nyumbani.

Nataka leo tumzungumze huyu aliyebaki nyumbani. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha sita, kijana mwenye akili na haki kamili ya kupiga kura, aliniuliza darasani kama amepata dhambi kwa kutokwenda kituoni. Wenzake walicheka. Mimi sikuona la kuchekesha, kwa sababu swali lake lina uzito kuliko mengi tunayobishana vibarazani. Wapo wanaosema kwamba upigaji kura wenyewe haujuzu. Hao leo nimewaacha, mjadala wao ni mwingine na una mlango wake. Nazungumza na yule anayekubali kwamba kura inajuzu, ana haki ya kupiga, na hakwenda.

Kwanza tukumbushane kinachogombewa, maana wengi wetu wa mjini tunauona uchaguzi wa mtaa kuwa ni mchezo wa watoto ukilinganishwa na ule wa Rais na Wabunge. (Ndugu zetu wa Zanzibar, ambako sheha huteuliwa, watanisamehe, nazungumzia Bara.) Rais hakujui. Mbunge wako anakujua kila baada ya miaka mitano. Mwenyekiti wa mtaa ndiye anayejua mlango wako uko wapi. Ukitaka kufungua akaunti benki, barua ya utambulisho inatoka kwenye ofisi yake. Mwanao akikamatwa usiku, ukafika kituo cha polisi kumwekea dhamana, utaulizwa barua ya serikali ya mtaa. Ukinunua kiwanja katika maeneo yasiyopimwa, na Dar es Salaam nusu ya maisha yetu iko katika maeneo yasiyopimwa, mkataba unaandikwa mbele yake na muhuri ni wake. Siku kiwanja hicho hicho kikiuzwa mara ya pili kwa mtu mwingine, muhuri unaweza kuwa ni ule ule. Orodha ya kaya maskini zinazostahili ruzuku ya TASAF hupitia kwenye mkutano wa mtaa. Mgogoro wa mpaka, maji machafu yaliyoelekezwa kwa jirani, baa iliyofunguliwa mkabala na madrasa, yote huanzia kwake kabla hayajafika popote.

Sasa mtu huyo huchaguliwa vipi? Hapa pana jambo ambalo kila awamu huwanasa watu wengi. Kadi ya mpiga kura uliyopewa na Tume haitoshi kukuingiza kwenye uchaguzi wa mtaa. Uchaguzi huu una orodha yake, inayoandikwa mtaani kwa siku chache tu kabla ya kupiga kura. Mwaka 2024 zilikuwa siku kumi, kuanzia Oktoba 11 hadi 20. Asiyejiandikisha siku hizo hana kura, hata kama ana kadi tatu mfukoni. Msimamizi wake ni TAMISEMI, wizara iliyo chini ya Ofisi ya Rais. Hata baada ya sheria mpya ya Tume ya Uchaguzi kupitishwa mwaka huo wa 2024, uchaguzi wa Novemba ulisimamiwa na wizara. Na mgombea ni lazima adhaminiwe na chama. Mzee mwadilifu wa mtaa, anayeaminiwa na kila mtu, ambaye hataki kuvaa rangi ya chama chochote, hana njia ya kuingia kwenye karatasi ile.

Kwa hiyo anayebaki nyumbani anaweza kuwa na sababu nyingi sana. Yupo mvivu. Yupo ambaye siku kumi zilimpita akiwa dukani Kariakoo. Yupo aliyekata tamaa, yupo aliyekasirika, yupo ambaye jina alilolitaka liliondolewa. Tatizo la kwanza la kubaki nyumbani ni hilo: sanduku la kura haliwezi kuwatofautisha hawa. Mvivu na mwenye hasira wote wanahesabiwa kwa namna moja, yaani hawahesabiwi.

Tuchukue mfano katika uchaguzi mkuu, kwa kuwa huko tarakimu zake zinajulikana vizuri zaidi. Mwaka 2005 waliopiga kura walikuwa karibu milioni 12, na Mheshimiwa Jakaya Kikwete alipata zaidi ya kura milioni 9.1. Mwaka 2010 daftari lilikuwa na majina zaidi ya milioni 20, waliopiga kura hawakufika milioni 9, chini ya asilimia 43. Mheshimiwa Kikwete alishinda tena, safari hii kwa kura kama milioni 5.3. Atasema mtu kwamba daftari lilijaa majina ya marehemu na waliohama. Sawa, huenda. Lakini marehemu hawaelezi kwa nini idadi yenyewe ya kura zilizopigwa ilipungua kwa zaidi ya milioni 3 katika nchi ambayo watu wake wanaongezeka kila mwaka.

Na angalia zilikokwenda zile kura karibu milioni 4 alizopoteza mgombea wa CCM. Tulizoea kusema wakati ule kwamba zimehamia kwa Dk. Willibrod Slaa wa Chadema. Si kweli, au ni kweli kwa sehemu ndogo. Ukijumlisha kura za wapinzani wote mwaka 2005 unapata kama milioni 2.2, ukijumlisha za 2010 unapata kama milioni 3.1. Nyongeza haifiki milioni moja. Watu wengine wote waliomwacha mgombea yule hawakuhamia chama chochote. Walihama kituo cha kupigia kura.

Je, kuna aliyewajibu hao? Kuna kiongozi aliyesimama jukwaani akasema, enyi mamilioni mliokuwa nasi na leo hamkuja, tumewasikia? Mimi sikumbuki. Mshindi aliapishwa, wabunge wakaenda Dodoma, na ule ukimya ukatafsiriwa na kila mtu kama alivyopenda. Wenye chama tawala waliuita amani na utulivu. Wapinzani waliuita hasira za wananchi. Wenyewe waliokaa kimya hawakuwa na namna ya kusema ni nani kati ya hao wawili anawasingizia.

Linganisha na jambo lililotokea Uingereza, Mei 2, 2024, katika uchaguzi wa mabaraza ya miji, ambao ni wa ngazi ya chini kama huu wetu. Waislamu wa miji kama Oldham, Bradford na Blackburn kwa miongo mingi walikuwa ni wa chama cha Labour, baba na mwana, kama ilivyokuwa kwa wazee wetu na TANU. Msimamo wa uongozi wa chama hicho juu ya Gaza ukawakera. Wengi hawakubaki nyumbani. Walitoka wakawapigia wagombea binafsi na vyama vidogo. Shirika la utangazaji la BBC lilizichambua kata 58 ambazo zaidi ya mkazi mmoja kati ya watano ni Muislamu, na likakuta kwamba kura za Labour zimeporomoka kwa pointi 21 ukilinganisha na 2021. Katika jimbo la West Midlands mwanasheria Akhmed Yakoob, aliyegombea umeya bila chama, alipata karibu kura elfu 70, wakati mshindi wa Labour alimpita wa Conservative kwa kura kama 1,500 tu. Siku chache baadaye kiongozi wa Labour, Keir Starmer, alitamka hadharani kwamba amewasikia na anataka kuirudisha imani yao. Kama aliirudisha au hakuirudisha ni hadithi nyingine; Julai ya mwaka ule ule wagombea binafsi wanne waliosimamia suala la Gaza waliwashinda Labour katika majimbo ya Leicester South, Blackburn, Dewsbury and Batley na Birmingham Perry Barr. Ninachosema ni kwamba kura iliyohama inasomeka. Ina anuani ya ilikotoka na anuani ya ilikokwenda. Kura iliyolala nyumbani haina anuani yoyote.

Hapa ndipo unapokuja mlango wa sheria yetu. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, aliyefariki mwaka 1976, alipoulizwa kuhusu kura alieleza kwamba ina sura tatu: ni shahada, ni shufaa, na ni wakala. Unashuhudia kwamba mtu huyu anafaa. Unamwombea apate nafasi. Na unamfanya wakili wa kukusemea wewe na wenzako. Katika sura zote tatu, ile ya shahada ndiyo inayotugusa leo. Suratul Baqara, katika aya ya deni ndefu ile ya 282, inawakataza mashahidi wasikatae wanapoitwa, na aya inayofuata inamtaja anayeuficha ushahidi kuwa moyo wake una dhambi. Masheikh wengi wanaotuhimiza kwenda kupiga kura wanasimamia hapo, na mimi nakubaliana nao kwa kiasi kikubwa.

Lakini shahada haina upande mmoja. Anayekatazwa kuficha ndiye huyo huyo anayekatazwa kusema uongo. Shahidi ana masharti: awe analijua analolishuhudia. Sasa nikuulize, ndugu msomaji. Katika uchaguzi wa mtaa uliopita, uliwajua wagombea wa ujumbe? Au ulitia alama ya vema kwa kufuata rangi ya chama kutoka juu mpaka chini? Anayetia alama kwa mtu asiyemjua, kisha akarudi nyumbani ameridhika kwamba ametimiza wajibu, simwoni kuwa amemzidi sana yule aliyelala. Mmoja amenyamaza na mwingine amesema asilolijua.

Tena yupo anayeuza. Sisi Watanzania tulipata kulipa jambo hili jina la heshima, tukaliita takrima. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu cha kumkirimu mgeni, nalo likaingizwa katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000 ili mgombea aweze kuwakirimu wapiga kura wake. Mahakama Kuu ililiondoa mwaka 2006. Limeondoka kwenye sheria, lakini kwenye mitaa yetu bado lina makazi: kilo mbili za sukari, kanga, fulana, elfu kumi ndani ya bahasha usiku wa kuamkia siku ya kura. Hakuna kadhi atakayekubali ushahidi wa mtu aliyelipwa na mmoja wa wenye kesi. Mama anayepokea sukari ile kwa sababu nyumbani haipo, nitamhukumu taratibu. Mtoaji simpi udhuru wowote.

Nirudi kwenye kubadili chama, maana hapa watu wetu wana ugonjwa wa pande mbili. Upande mmoja wapo wanaoona kubadili kura ni usaliti. Chama kimekuwa kama ukoo. Marehemu baba alikuwa na kadi ya TANU, mama alikuwa UWT, basi mimi nikimpa kura mtu wa chama kingine nimemvunjia heshima baba kaburini. Au kinyume chake: mtaa huu ni wa upinzani tangu 1995, ukionekana na fulana ya kijani unaitwa msaliti. Aya ya 135 ya Suratun Nisaa inaamrisha kusimamia uadilifu katika ushahidi hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa wa karibu. Ikiwa ushahidi unatakiwa uwe wa kweli hata dhidi ya mzazi, chama ni nani? Mwenyekiti wa chama chako akiwa mwizi wa viwanja, na mgombea wa chama usichokipenda akawa ni mtu anayeogopa dhuluma, shahidi hana budi aseme alichokiona. Chama hakina bai'a juu yetu.

Upande wa pili ni wale wanaobadili chama kama shati, na hao sio wapiga kura. Baina ya 2017 na 2019 tulishuhudia wabunge na madiwani wa upinzani wakijiuzulu mmoja baada ya mwingine, wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais, kisha wakirudi kugombea viti vile vile kwa chama kingine. Kinondoni, Mbunge aliyechaguliwa kwa tiketi ya CUF mwaka 2015, Maulid Mtulia, alijiuzulu Desemba 2017 na Februari 2018 akakirudia kiti hicho kwa tiketi ya CCM. Mkesha wa uchaguzi ule mdogo, waandamanaji wa Chadema walipokuwa wakidai hati za mawakala wao, risasi ilimuua mwanafunzi wa Chuo cha Usafirishaji aliyekuwa ndani ya daladala, asiyehusika kwa lolote. Sasa mpiga kura wa Kinondoni aliyempa mtu huyo ushahidi wake mwaka 2015 kwa sababu ni wa upinzani, alifanyiwa nini? Wakili wake alihama na wakala wake mkononi. Mpiga kura anapobadili, anabadili kauli yake mwenyewe, nayo ni haki yake. Mwakilishi anapohama na kiti, anahama na kauli za wenziwe. Tunayaita yote mawili kuhama chama, lakini hayafanani hata kidogo, na naamini mambo kama haya ndiyo yaliyowafanya wengi waamue kutokwenda tena.

Tunafika sasa kwenye mahali pagumu, ambapo mahubiri ya kawaida ya nendeni mkapige kura hayatoshi. Mwaka 2019, kabla ya siku ya kura, wagombea wengi sana wa upinzani waliondolewa kwa kuambiwa wamekosea kujaza fomu. Chadema, ACT-Wazalendo na vyama vingine vikajitoa. Waziri alitangaza baadaye kwamba walioenguliwa warejeshwe, lakini vyama vilishikilia msimamo wao. Katika mitaa mingi mgombea akapita bila kupingwa na kura haikupigwa kabisa. Mwaka 2024 vyama hivyo havikujitoa, vikaingia, na baada ya matokeo vikalalamika juu ya wagombea kuenguliwa na kura bandia, huku serikali ikisema uchaguzi umekwenda vizuri. Mwaka uliofuata, Oktoba 29, 2025, katika uchaguzi mkuu ambao Chadema hakikuwemo na kiongozi wake Tundu Lissu yuko rumande kwa kesi ya uhaini, ilitangazwa kwamba asilimia 87 ya walioandikishwa wamepiga kura na mshindi amepata karibu asilimia 98. Siku hiyo hiyo intaneti ilizimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje, na watu wakauawa mitaani. Waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi ule haukufikia viwango.

Katika hali kama hiyo, shahidi aitweje? Anayeitwa mahakamani akakuta hukumu imeshaandikwa, au akakuta jina moja tu kwenye karatasi na anaambiwa ashuhudie kwamba amelichagua, huyu akirudi nyumbani ameficha ushahidi? Mimi siwezi kusema hivyo. Wajibu wa kushuhudia unakuja palipo na pa kushuhudia. Penye mgombea mmoja hakuna swali lililoulizwa, na pasipo swali hakuna jibu lililofichwa. Yule kijana wa kidato cha sita nilimwambia hivyo, na nikamwambia pia kwamba hiyo haimalizi hesabu yake.

Kwa nini haimalizi? Kwa sababu kukataa ushahidi wa uongo ni kauli, na kauli husemwa. Vyama vilivyosusia mwaka 2019 vilitangaza kwamba vimesusia, vikataja sababu, vikataja tarehe. Unaweza kukubaliana navyo au usikubaliane, lakini vilishuhudia. Mimi binafsi naona gharama ya kususia ule ilikuwa kubwa, kwa kuwa mitaa yote iliachwa miaka mitano bila jicho la pili. Hata hivyo halikuwa jambo la kificho. Yule anayesema mtaani kuwa amegoma, lakini hakujiandikisha, hakumwambia mtu, hakuhudhuria mkutano hata mmoja wa mtaa kusikia mapato na matumizi yakisomwa, na jina la mwenyekiti wake halijui mpaka siku anapohitaji barua ya dhamana, huyu mgomo wake ameubuni baada ya usingizi. Uchaguzi ni siku moja, lakini mkutano wa mtaa ni haki ya kila mkazi, na hauhitaji kadi ya chama. Kwenye mikutano hiyo nimeona wazee wanane na mwenyekiti. Hao wanane ndio wanaoamua nani aingie kwenye orodha ya kaya maskini.

Ila tusimbebeshe mpiga kura mzigo wote. Tumezoea kumlaumu mwananchi asiyejitokeza kwa kuwa ni rahisi kumlaumu. Hana jina wala cheo. Nyuma ya kila tarakimu ya asilimia 99 kuna meza, na kwenye meza kuna watu. Msimamizi msaidizi aliyepokea fomu na kuikataa kwa herufi moja ni mtumishi wa umma. Anayehesabu karatasi, anayejaza fomu ya matokeo, anayetia saini, ni mtumishi wa umma, na miongoni mwao ni walimu, wenzangu. Tunaitwa kwa sababu tunajua kuandika, tuna mshahara wa serikali, na posho ya siku chache si haba kwa mtu anayelipa kodi ya chumba. Kabla ya kuanza kazi tunaapishwa. Muislamu anaapa kwa jina la Mola wake mbele ya watu.

Tukirudi kwenye ile hesabu ya shahada, mpiga kura ni shahidi mmoja. Akinyamaza, umepotea ushahidi mmoja. Aliye kwenye meza ni karani wa mashahidi wote mia tano wa kituo chake. Akiibadili karatasi, amebadili maneno ya watu mia tano, ambao wengine wao walisimama juani tangu saa moja asubuhi kwa kuwa sheikh wao aliwaambia kura ni amana. Mwalimu huyo akiulizwa atasema aliagizwa, na kwamba angekataa angehamishiwa shule ya mbali. Inawezekana kabisa, na sidharau hofu ya mtu mwenye watoto. Lakini sijaona kitabu chochote cha fiqhi kinachosema kuwa shahidi wa uongo husameheka kwa kuhofia uhamisho. Udhuru unaozungumzwa na wanavyuoni ni wa kulazimishwa kwa hatari ya nafsi, na hata huo wameuwekea mipaka unapohusu haki ya mtu mwingine. Posho haimo.

Misikitini tumesikia hotuba nyingi za Ijumaa kabla ya chaguzi, za kuhimiza kujiandikisha na kulinda amani. Sijapata kusikia hotuba moja iliyowageukia makarani, watendaji na walimu walioketi kwenye safu zile zile, ikawaambia hukumu ya kazi wanayokwenda kuifanya wiki inayofuata.

Kwa utaratibu wa miaka mitano, uchaguzi ujao wa mitaa ni 2029. Baadhi ya watakaokaa kwenye meza zile leo wapo vyuo vya ualimu, na wengine hawajamaliza sekondari. Miongoni mwao wapo waliopita kwenye darasa langu. Masharti ya shahidi wanayajua yote kwa mpangilio wake. Waliyajibu kwenye mtihani na wengi walipata alama nzuri.